Forodhani na kifo cha Sayyid Hamad 1896: maswali yanayoulizwa kila siku

Kila jioni Forodhani utamsikia mtu anamuuliza mwenzake, eti hapa ndo pale sultani alipotiliwa sumu? Na majibu yanayotoka hapo kila mtu na lake. Basi haya ni yale maswali yanayorudi kila mara, ya wageni wa bara, ya ndugu zetu wa Pemba wanaokuja mjini, ya vijana wa skuli, na ya hawa wanaotembeza watalii. Kama swali lako limeshajibiwa kwengine humu nitakwambia uangalie wapi, nisikurudie mambo yale yale.

## Mwanzo kabisa

Forodhani na mauaji vinahusiana vipi? Mie naijua kwa pweza tu.

Wengi tunaijua kwa pweza, na si kosa. Lakini ukikaa pale kwenye bustani ukaipa bahari mgongo, mbele yako una Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, na ukiendelea kushoto kwa njia ya Mizingani unafika Makumbusho ya Kasri. Eneo lile lote la majumba ndo palipokuwa moyo wa utawala wa Zanzibar, na ndani ya kasri pale Jumanne ya tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Watu wakasema ametiliwa sumu. Siku mbili baadae manowari za Kiingereza zikalipiga kasri mizinga, na sehemu ya majumba yale haikusimama tena mpaka leo.

Kwa hiyo ukiuliza kama bustani yenyewe ndo mahali alipofia, hapana, alifia kasrini, na bustani ya Forodhani hii tunayoijua haikuwepo, hapo palikuwa na shughuli za forodha na mizigo. Ila ni hatua chache tu na huwezi kuvitenganisha.

Huyo Hamad alikuwa nani hasa?

Mjukuu wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja. Baba yake Hamad ni Thuwaini aliyetawala Oman, na huyo Thuwaini nae aliuliwa, mwaka 1866 kule Sohar, aliyemuua ni mwanawe mwenyewe Salim. Nalitaja hili kwa sababu watu wa 1896 walikuwa wanalijua vizuri sana, mtu wa ukoo ule akifa ghafla fikra za watu zilikuwa zinakimbilia wapi unaweza kuona mwenyewe.

Hamad alikalia kiti Machi 1893 baada ya kufa Sayyid Ali bin Said. Alitawala miaka mitatu na kitu tu. Zanzibar ilikuwa tayari chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na ndani ya makubaliano ya mwaka ule mna sharti kwamba anaekuwa sultani lazima balozi wa Kiingereza aridhie. Lishike hilo sharti, kila kitu cha hapo chini kinatoka humo.

Na Khalid, yule aliyeshika kiti Hamad alipofariki, je?

Khalid bin Barghash, mtoto wa Sayyid Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib. Vitabu vingi vinamwita mpwa wa Hamad, lakini ukihesabu nasaba baba zao, Thuwaini na Barghash, ni mtu na ndugu yake, wote watoto wa Sayyid Said, kwa hiyo ni watoto wa mtu na nduguye. Mwaka 1893 alipokufa Ali, Khalid alishajaribu kuingia kasrini akatolewa kwa maneno. Mwaka 1896 hakukubali kutolewa.

Hebu nipe siku zile tatu kwa ufupi.

Jumanne, saa 5 na dakika 40 asubuhi, Hamad anafariki. Muda si muda Khalid yumo kasrini na watu wake. Kaimu balozi wa Kiingereza, Basil Cave, na waziri wa kwanza, Lloyd Mathews, wanamuonya, hasikii. Saa 8 na nusu mchana Hamad anazikwa. Saa 9 alasiri mizinga ya kasri inapiga saluti, Khalid ametangazwa sultani. Yaani baina ya roho kutoka na sultani mpya kutangazwa hazikupita hata saa nne.

Jumatano ni ya barua na manowari, Admiral Harry Rawson akaingia na meli ya St George, nyengine zilizokuwepo ni Philomel, Thrush, Sparrow na Racoon. Khalid akapewa mpaka saa 3 asubuhi ya Alkhamisi ashushe bendera atoke. Akajibu hashushi na wala haamini kama watampiga. Saa 3 na dakika 2 wakaanza kupiga, na ilipofika saa 3 na dakika 40 bendera ikaanguka na mizinga ikanyamaza. Hivyo ndo vile vita vya dakika 38 wanavyoviita vifupi kuliko vyote duniani.

## Kufika na kuona

Bustani iko wapi na kiingilio ni bei gani?

Iko ufukweni Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe. Kuingia ni bure, mchana na usiku, ni bustani ya watu wote. Ukiombwa pesa ya kuingia bustanini hapo unadanganywa. Majumba ya makumbusho ndo yenye kiingilio chake, na kama wewe ni mwenyeji sema mapema na uwe na kitambulisho, usilipe ya mgeni kwa kuona haya.

Natoka Pemba na boti, nifikaje?

Ukishuka bandarini Malindi huna haja ya gari kama huna mizigo. Shika njia ya ufukweni, bahari iwe kulia kwako. Utapita lile jumba zuri lenye roshani la Tharia Topan ambalo wazee wanaliita hospitali ya zamani, utapita Mti Mkubwa wanapokaa mafundi wa vyombo, alafu Makumbusho ya Kasri, alafu Beit al-Ajaib, na hapo hapo bustani. Na ukienda hivyo utakuwa umelipita eneo la vita zima kwa miguu kutoka kaskazini kuja kusini, hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Wanaotoka Dar na boti ni njia hiyo hiyo. Wa mashamba shukeni mjini na daladala muulize Forodhani, hata mtoto mdogo atakuonyesha, vichochoro vyote mwishowe vinakutoa baharini.

Nije saa ngapi?

Kama unataka kuona majumba na kuelewa kisa njoo asubuhi au alasiri kabla jua halijazama. Kama unataka kula na kuwaona vijana wa makachu wakiruka baharini njoo jioni maji yakiwa yamejaa. Mie ninavyoona alasiri ndo wakati wake, unatembea Mizingani kwanza kuna mwanga, unasali magharibi, alafu unarudi bustanini moto umeshawaka na mishkaki ishaanza kulia.

Nisimame wapi nione palipopigwa?

Anza pale ukingoni mwa bahari bustanini, karibu na lile tao jeupe lililojengwa 1956 kwa ajili ya ujio wa Princess Margaret (tao halina uhusiano na kisa, ila watu wote wanapigia picha hapo na wageni wanadhani ni la zamani sana). Angalia baharini. Manowari zilijipanga nje hapo mbele ya kasri, karibu kiasi kwamba bunduki tu zilikuwa zinafika. Humo humo bandarini ilikuwemo meli ya sultani, Glasgow, iliyojengwa zama za Barghash, nayo ilijibu mizinga ikazamishwa. Maji hayakuwa na kina kirefu kwa hiyo ilipokaa chini milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji, na ikabaki hivyo miaka na miaka, mpaka 1912 ndo mabaki yakaondolewa. Hebu fikiria mtu aliyepotelewa na nduguye siku ile, kila asubuhi akija ufukweni milingoti ile anaiona.

Baada ya hapo tembea kuelekea Makumbusho ya Kasri. Ule uwazi wenye miti baina ya Beit al-Ajaib na kasri ndo pa kusimama. Watu wanapita tu pale wakidhani ni kibustani cha kupumzikia. Pale palikuwa na Beit al-Hukm, nyumba nzima, pamoja na majengo mengine ya kasri. Lilivunjwavunjwa siku ile na baada ya vita likabomolewa kabisa, halikujengwa tena pakafanywa bustani. Kwa maoni yangu pale ndo penye uzito kuliko pote na hapana mtu anaepaonyesha.

Kwani hili kasri la sasa si lile lile?

Si lile. Hili jeupe tunaloliona limejengwa upya baada ya 1896. Ni makumbusho tangu 1994, na ndani mna chumba cha Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyekimbilia Ujerumani. Ukiingia usikose chumba hicho, mana Salme ndo aliyemsaidia kaka yake Barghash mwaka 1859 walipotaka kumpindua ndugu yao Majid, jaribio likafeli na Barghash akapelekwa Bombay. Kwa hiyo kugombania kiti ndani ya nyumba ile kulianza kizazi kizima kabla ya Khalid.

Beit al-Ajaib mbona imezungushiwa?

Jumba la 1883, limepona mizinga ya 1896 likiwa na majeraha, lakini lilianza kuanguka vipande mwaka 2012 na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, watu wawili waliokuwa wakifanya kazi ya matengenezo wakafa. Allah awarehemu. Usijipenyeze kwenye uzio ili upate picha, na ukiona mtu anajitolea kukupitisha kwa pesa mkatalie. Na kwa taarifa, ule mnara wa saa ulioanguka haukuwepo siku Hamad anafariki, uliwekwa baada ya vita. Kabla yake palikuwa na mnara wa taa mbele ya jumba, huo ulikwenda na mizinga.

Na chakula?

Urojo, mishkaki, maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mkate wa ajemi, piza ya Zanzibar. Kwa vitu vya baharini uliza bei kabla hujaonyesha kidole, na mwambie akupikie mbele yako mpaka kiwe cha moto kweli, usikubali kilichopoa kimepangwa mezani tangu magharibi. Basi. La chakula nimemaliza, hili haliko kwenye mada.

## Kisa chenyewe

Alitiliwa sumu au hakutiliwa?

Hapa ndo pana swali kubwa, na nataka nilijibu kama linavyostahili. Haijathibitika. Watu wengi wa wakati ule waliamini ametiliwa sumu na waliamini aliye nyuma yake ni Khalid. Hilo la kuamini ni la kweli, limeandikwa. Lakini kuamini na kuthibitisha ni vitu viwili mbali mbali, na hakuna mtu aliyewahi kulithibitisha mbele ya kadhi wala hakimu.

Zinazomwelekea Khalid ni hizi. Kifo kilikuwa cha ghafla, na Hamad hakuwa mzee, alikuwa na miaka arubaini hivi. Khalid alifika kasrini mapema mno na alikuwa na watu na silaha tayari, mtu aliyeshtukizwa na msiba hajipangi hivyo. Na alishataka kiti kile miaka mitatu nyuma.

Zinazomtetea nazo zipo. Mtu wa arubaini anakufa kwa maradhi, na 1896 maradhi yaliyokuwa yanaua ghafla yalikuwa mengi na dawa zake hazikuwepo. Khalid alikuwa mtoto wa sultani anaishi mjini, khabari ya kifo kasrini ingemfikia kabla haijafika popote, na baada ya kukosa 1893 inawezekana kabisa alikuwa ameshajiweka tayari kwa siku yoyote ile sultani atakapokufa, kwa namna yoyote. Kuwa tayari kwa mirathi si sawa na kuua.

Kwa hiyo ukimsimulia mtu sema "alituhumiwa". Usiseme "alimuua". Ni neno moja tu lakini marehemu wote wawili wana haki yao hapo, mmoja haki ya kuulizwa nani kamuua na mwengine haki ya kutohukumiwa bila ushahidi.

Mbona alizikwa haraka hivyo? Si walikuwa wanaficha?

Hili wageni wasiojua ada zetu wanalishikilia sana, na hata baadhi yetu siku hizi tunalirudia kwa kuwa tumelisikia kwao. Jamani, mtu amekufa saa 5 na dakika 40 asubuhi, amezikwa saa 8 na nusu mchana. Saa tatu kasoro. Nani hapa Unguja hajazika hivyo? Maiti wa asubuhi anazikwa baada ya adhuhuri, hiyo ndo ada na ndo sunna ya kuharakisha. Angezikwa kesho yake ndo watu wangeuliza kuna nini.

Linalofaa kuulizwa ni la saa 9, mizinga ya saluti nusu saa tu baada ya maziko. Hapo ndo ninapoona ugumu. Udongo haujakauka kaburini na bendera imeshapandishwa. Haithibitishi sumu, inathibitisha tamaa ya kiti, na hivyo ni vitu viwili.

Kwa nini hakuna aliyechunguza?

Nani angechunguza? Khalid aliyekuwa kasrini hakuwa na haja ya kuchunguza. Waingereza walikuwa na haja moja, kumtoa Khalid na kumweka wao waliyemtaka, Hamoud bin Muhammed, na kwa hilo walikuwa wameshapata sababu ya kisheria kwenye makubaliano ya 1890, hawakuhitaji kesi ya mauaji. Mwili haukupasuliwa. Na baada ya Alkhamisi kasri lenyewe lilikuwa kifusi, waliokuwemo ndani Jumanne ile, wapishi, watumishi, walinzi, wengi wao huenda ndo hao hao waliokufa kwa mizinga. Mashahidi walifukiwa pamoja na nyumba.

Waingereza hawana mkono wao?

Linaulizwa sana, khasa vijiweni. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba walinufaika, na kwamba tuhuma ya sumu iliwafaa kwa sababu ilimfanya Khalid aonekane muuaji mbele ya dunia badala ya mtu anaepinga kuchaguliwa mtawala na balozi. Na Hamad nae alikuwa na misuguano nao, aliruhusiwa kuunda kikosi chake cha walinzi kama elfu moja, na kikosi kile kikaanza kugombana na askari waliokuwa chini ya maofisa wa Kiingereza. Lakini ushahidi kwamba walimuua haupo. Nilivyokataa kumhukumu Khalid kwa kunufaika na wao siwahukumu kwa hilo.

Kwa mizinga ya Alkhamisi nawalaumu waziwazi, hiyo haina tuhuma, walipiga mchana kweupe.

Khalid alikamatwa?

Kwa kifo cha Hamad hakuwahi kufikishwa mahkamani. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, Wajerumani wakakataa kumtoa. Nje ya lango Waingereza wameweka askari wanamsubiri akanyage tu ardhi ya Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba 1896 bamvua limejaa, maji yakafika mpaka kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaja mpaka ukingoni pale, Khalid akatoka ubalozini akaingia mashuani moja kwa moja. Mguu wake haukugusa mchanga wa Unguja. Akapelekwa Dar es Salaam.

Waingereza walikuja kumkamata 1916, wakati wa vita vikuu vya kwanza, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli. Baadae akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na akafia Mombasa 1927. Miaka thelathini na moja baada ya kifo cha ndugu yake, na swali bado halijajibiwa.

Watu wangapi walikufa siku ya mizinga?

Idadi inayotajwa upande wa Zanzibar ni kama 500 baina ya waliokufa na waliojeruhiwa. Upande wa Kiingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Ndani ya kasri na pembezoni walikuwepo kama watu 2,800, na si wanajeshi wote, walikuwemo watumishi, watumwa, na raia wa mjini. Nyumba za mbao na udongo kupigwa na mizinga ya manowari, moto ukashika. Na mjini watu wakavamia maduka ya Wahindi, kiasi cha watu ishirini wakafa katika vurugu hizo.

Alafu wafuasi wa Khalid wakalipishwa gharama za zile risasi za mizinga zilizowapiga pamoja na hasara ya uporaji, rupia 300,000. Nakuomba lisome tena hilo.

Linaloniuma ni kwamba Hamad, Khalid, Cave na Rawson majina yao yote tunayo mpaka leo, na hawa mia tano hatuna. Watembeza watalii wanataja dakika 38 kwa bashasha kama rikodi ya mbio. Ukisimama pale penye uwazi wa Beit al-Hukm sema dakika 38 na hapo hapo sema na mia tano, kwa pamoja, isiwe mgeni anaondoka na moja bila ya nyengine.

## Adabu na usalama

Ramadhani inakuwaje?

Mchana usile wala usinywe hadharani, hata kama hufungi, na hilo linamhusu mgeni na mwenyeji. Bustani mchana inakuwa kimya kabisa, na ndo maana kwa mtu anaetaka kuona majumba bila ya msongamano ni wakati mzuri sana. Usiku baada ya futari na tarawehe panachangamka mpaka karibu na daku.

Nivae nini, na picha je?

Mabega na magoti yafunike, huu ni mji wa watu wanaoishi, misikiti iko kila kona. Picha za majumba piga utakavyo. Picha za watu omba kwanza, khasa akinamama na wauzaji. Vijana wa makachu wengi wanapenda kupigwa ila wanatarajia kitu, wape.

Papasi (hawa wanaotembeza wageni bila ya kitambulisho) ananiambia atanionyesha chumba alichofia sultani.

Hakuna chumba hicho. Soma jibu la kasri la sasa hapo juu, majengo ya siku ile yamebomolewa. Ukitaka mtu wa kukutembeza chukua mwenye kitambulisho cha kazi, kubalianeni bei kabla hamjaanza kutembea. Dalili ya anaejua kazi yake ni kwamba ukimuuliza la sumu atakwambia haijathibitika. Akianza kukusimulia sumu ilitiwa kwenye kikombe gani na nani alikishika, shukuru uende zako.

Pana mizuka?

Watu wanakaa pale na watoto wao wachanga mpaka saa 5 usiku wanakula mihogo. Ukiwakumbuka waliokufa pale wasomee Fatiha, hicho kinawafaa. Hadithi za vilio vya usiku haziwafai chochote.

Usiku ni salama?

Bustanini pana watu wengi na taa, hapana shida. Simu iweke ndani. Ukiondoka usiku mwingi pita njia kubwa usiingie vichochoroni peke yako. Na wenye watoto wadogo, ukingo wa bahari wanaporukia vijana wa makachu unateremka moja kwa moja majini, mshike mwanao mkono.

## Mambo ya pembeni

Naleta wanafunzi wa skuli, niwafundisheje kisa hiki bila ya kuwatisha?

Wanafunzi hawatishiki upesi kama tunavyodhani, wanachoka tu wakipewa tarehe tupu. Wasimamishe penye uwazi wa Beit al-Hukm uwape kazi ya kadhi. Kundi moja litoe hoja za kumtuhumu Khalid, jengine limtetee, jengine liulize mashahidi gani walihitajika na wamekwenda wapi. Hoja zote zipo kwenye jibu la sumu hapo juu. Wataelewa wenyewe kwa nini kesi haiamuliki. Wakubwa kidogo waulize hili la nyongeza, lile sharti la 1890 lilikuwa halali kwa nani?

Nataka kurikodi video, nitumie na droni.

Simu na kamera ndogo hamna tatizo. Droni usirushe bila ya kibali, bandari iko jirani na utajitafutia mambo mengine kabisa. Na tafadhali kichwa cha video yako kisiseme MUUAJI AJULIKANA, mana hajulikani.

Naweza kuzuru makaburi ya masultani?

Pembeni ya Makumbusho ya Kasri yapo makaburi ya ukoo, Makusurani, na Sayyid Said amezikwa hapo. Uliza makumbusho namna ya kuingia siku hiyo. Ni makaburi ya Waislamu kama mengine, toa salamu, usikalie kaburi, usipige picha za mapozi.

Nikija masika nikakuta mvua?

Machi mpaka Mei wauzaji hupungua na siku nyengine hawapangi kabisa. Ingia makumbusho, au kaa Ngome Kongwe usubiri inyeshe iishe. Na Februari kukiwa na Sauti za Busara pale Ngomeni ujue bustani itajaa mpaka huoni bahari, siku hizo si za kuja kutafakari historia.

Bibi yangu alinihadithia tofauti kabisa na haya. Nani mkweli?

Inawezekana bibi yako ana kitu ambacho karatasi hazina. Tunachokijua cha siku zile kingi kimeandikwa na Waingereza, balozi akiripoti kwao na maofisa wa meli wakiandika kumbukumbu zao, na watu waliokuwa ndani ya kasri hawakuacha maandishi mengi. Kwa hiyo usimkatize bibi ukamwambia mtandaoni wameandika vyengine.

Mrikodi kwa simu. Muulize yeye alisikia kwa nani, na huyo mtu alikuwa wapi Alkhamisi ile, alikuwa kasrini, alikuwa Ng'ambo, au nae alisimuliwa tu. Andika jina la bibi, mtaa wake na tarehe mliyozungumza. Kama nyumbani kuna barua za zamani za herufi za Kiarabu usizikunje wala kuzitia plastiki ya kubana, ziweke kavu mbali na mchwa. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, nenda na nakala ya ulichorikodi na barua hizo wakazitazame.